Fahali Alipoondoka Bomani

Wafugaji vijana wakinialika kuzungumza juu ya kupunguza kazi ya kupandisha ng'ombe wa maziwa, hutarajia niwatajie simu na mashine. Mimi huanza na nguzo za miti zilizochimbiwa kando ya barabara, zenye mbao za kumbana ng'ombe asigeuke wala kupiga teke. Tuliziita krashi. Kwa miaka mingi nilikuwa mhimilishaji wa serikali, yaani mtu wa kupandisha ng'ombe kwa mrija wa mbegu bila fahali, katika milima ya Murang'a, nikipita kwenye krashi hizo kila asubuhi na chombo cha nitrojeni nyuma ya gari. Tangu niache kazi ya serikali nimeona sindano za homoni, pikipiki na mikanda ya shingoni inayohesabu mwendo wa ng'ombe. Vyote vina manufaa yake. Lakini kama ni kumpumzisha mfugaji mwenye ng'ombe wawili au watatu, sijaona kitu kilichoifikia krashi ile na gari lililokuja kwa saa yake.

Kwanza tumzungumzie fahali mwenyewe, kwa maana wengi wa hao vijana hawajawahi kumfuga.

Fahali wa Friesian aliyekomaa hufikia karibu tani moja. Hula sawa na ng'ombe anayekamwa, na hakuna siku atakayojaza ndoo. Anataka zizi lake la nguzo nene, pete puani, na mtu asiyemwogopa lakini asiyemzoea mno, kwa sababu madume wa ng'ombe wa maziwa wameua watu wengi waliodhani wamewazoea. Katika mashamba ya walowezi ya Naivasha, Njoro, Molo na Limuru, mzigo huo haukubebwa na walowezi. Uliwaangukia vibarua Waafrika: kumkatia majani, kumpeleka kwa ng'ombe aliye jotoni, kumtenga, kumrudisha, na kuruka ua anapobadilika. Kitabu cha nasaba cha Kenya, kilichoanzishwa mwaka 1920, kimehifadhi majina ya madume wale na ya baba zao. Majina ya waliowashika pete hayamo.

Hata hivyo, uhimilishaji haukuletwa Kenya mwaka 1935 kwa kuwahurumia vibarua. Kilichouleta ni ugonjwa. Madume wa mashamba yale walikuwa wakisambaza trikomona na vibrio, vijidudu vinavyokaa kwenye uume wa fahali bila kumsumbua hata kidogo. Fahali ananenepa, anang'aa, anapanda kwa nguvu, huku kila ng'ombe anayemgusa akipoteza mimba changa na kurudi jotoni mwezi baada ya mwezi. Shamba lingeweza kupoteza ndama wa mwaka mzima kabla mwenyewe hajagundua kwamba chanzo ni dume aliyemnunua kwa bei kubwa. Kumwondoa fahali na kutumia mbegu zilizokaguliwa ndiyo njia iliyokata mnyororo huo. Mwaka 1946 kikafunguliwa kituo kikuu cha uhimilishaji Kabete, nje kidogo ya Nairobi, na Kabete ikabaki kuwa nyumbani kwa kazi yetu hadi leo.

Kazi yenyewe ilikuwa imeanza mbali. Mwaka 1780 padri mwanasayansi wa Kiitalia, Lazzaro Spallanzani, alimpa mimba mbwa jike bila dume kumgusa. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mrusi Ilya Ivanov aliifanya kwa farasi, na kufikia miaka ya 1930 Wasovieti walikuwa wakihimilisha ng'ombe na kondoo kwa wingi kwenye mashamba ya pamoja. Hayo nayapita haraka, kwa sababu mahali ninapoiona asili ya krashi yetu si Urusi wala Italia. Ni kisiwa kidogo cha Samsø, Denmark.

Mwaka 1936 wakulima wa Samsø waliunda chama cha kwanza cha ushirika cha uhimilishaji, wakiongozwa na daktari wa mifugo Eduard Sørensen. Mwaka wa kwanza walihimilisha ng'ombe wapatao 1,070. Hawakuwa matajiri wa mifugo. Walikuwa wakulima wenye ng'ombe wachache kila mmoja, waliokwisha kuzoea kuchanga maziwa yao kiwandani kwa ushirika. Sehemu hii ndiyo nataka isikike vizuri. Kilichowapunguzia kazi hakikuwa mrija wala hadubini. Walikubaliana kuchangia mtu mmoja mwenye ujuzi, awazungukie wote, ili kila boma lisilazimike kulisha dume lake. Mwaka uliofuata madaktari wa Denmark wakaifundisha dunia namna ya kuishika shingo ya kizazi kupitia njia ya haja kubwa, mkono mmoja ndani ukiongoza, mwingine ukiingiza mrija. Namna hiyo ndiyo tuliyofundishwa Kabete, na kila mhimilishaji ninayemjua hufanya hivyo hadi leo.

Sørensen huyohuyo ndiye aliyetupatia mrija wa mbegu tunaoutumia. Alianza kwa kujaza mbegu kwenye mabua ya oti. Baadaye, kwenye sherehe ya siku ya kuzaliwa ya binti yake, aliwaona watoto wakinywa kinywaji kwa mirija myembamba ya selofani, akatambua kwamba kile alichokuwa akikitafuta kiko mezani. Mfaransa Robert Cassou akaja kuitengeneza mirija hiyo kiwandani, na kutoka hapo ikaenea.

Lakini mbegu mbichi, hata zikichanganywa na kiini cha yai na kupozwa, hudumu siku chache tu. Hiyo ilimaanisha mbio zisizokwisha: mbegu zikusanywe leo, zisafirishwe usiku, zitumike kesho au zimwagwe. Mwaka 1949 Christopher Polge na wenzake huko Uingereza waligundua kwamba gliserini huzilinda mbegu zisife zinapogandishwa, na mwaka 1952 Polge na Tim Rowson wakafanikiwa kwa mbegu za fahali. Ilipokuja nitrojeni ya majimaji, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, mbio zile zikaisha. Mbegu za fahali mmoja, zilizokusanywa mara moja, zikatoa dozi mia kadhaa, na dozi hizo zikaweza kungoja miaka. Fahali angeweza kufa Kabete na bado akazaa binti Kangema muda mrefu baadaye. Nimehimilisha kwa mbegu za madume ambao tayari walikuwa wamechinjwa, na ndama wakatoka wazima.

Kwa upande wa mkulima Mwafrika, haya yote yalikuwa habari za upande wa pili wa ua. Sera ya kikoloni iliwazuia wengi wetu kufuga ng'ombe wa gredi hadi Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, ambao uliunganisha vipande vya ardhi katika Mkoa wa Kati, ukaruhusu kahawa na majani chai, na pamoja navyo ng'ombe wa maziwa. Baada ya hapo yakaja makazi ya Million Acre kuanzia 1962, mashamba ya walowezi yakagawanywa, na ng'ombe wao wakaingia katika boma za watu ambao baba zao waliwachunga kwa posho.

Sasa piga hesabu ya mtu mwenye ekari tatu Murang'a. Ana kahawa, mahindi, maharagwe, ukanda wa nyasi za nepia kwenye mteremko, na ng'ombe mmoja wa Guernsey anayelipa karo. Fahali atakaa wapi? Atakula nini? Na huyo fahali angepata kazi mara moja tu katika miezi kumi na mbili au zaidi. Kumpeleka ng'ombe kwa dume la jirani kulikuwa ni kutembea kilomita nyingi juu na chini ya mabonde yetu, ukimvuta mnyama asiyetulia, na kupita penye kupe wa watu wengine, wakati ndigana ilikuwa ikimaliza ng'ombe wa gredi wasioogeshwa joshoni. Mara nyingi waliomvuta ng'ombe huyo walikuwa mama na mtoto wa darasa la tano au la sita, kwa kuwa baba alikuwa Nairobi akitafuta mshahara. Siku hiyo mtoto hakwenda shule.

Mwaka 1966 serikali iliunda Huduma ya Taifa ya Uhimilishaji, na Waswidi wakaigharimia kwa sehemu kubwa kupitia shirika lao la misaada. Nilipoingia kazini, mkulima alilipa shilingi 1 kwa kila kupandisha. Shilingi 1, na ng'ombe akirudi jotoni hakuna aliyeona haya kurudi naye. Najua wachumi walisema baadaye kwamba bei hiyo haikuweza kudumu. Labda. Lakini watu hukumbuka shilingi wakasahau ratiba, na ratiba ndiyo iliyokuwa kiini cha mambo.

Ilikuwa hivi. Kila mhimilishaji alikuwa na njia yake, tukiiita rani. Krashi zilijengwa na wakulima wenyewe kwa miti yao, kwenye njia panda, karibu na josho, karibu na mahali pa kupokelea maziwa. Gari liliondoka kituoni alfajiri. Krashi ya kwanza saa moja, ya pili na robo, ya tatu na nusu, hivyo hivyo hadi karibu saa sita. Mkulima hakuhitaji kupiga simu, na wala simu hazikuwapo. Hakuhitaji kumtuma mtu, wala kunitafuta, wala kunisihi. Akiona ng'ombe wake ana joto, alimfunga krashini wakati wa kupeleka maziwa, na aliporudi na mkebe mtupu ng'ombe alikuwa amekwisha kuhudumiwa. Kama hakuna ng'ombe, sikusimama. Safari moja ya maziwa ilibeba kazi mbili.

Nikifika, mtu wa kwanza kunipokea mara nyingi alikuwa mwanamke. "Daktari, huyu alianza kulia jana magharibi," shosho angeniambia, ingawa sikuwa daktari na nilimwambia hivyo. Hapo ndipo ujuzi wangu ulipoanza, kabla sijavaa glavu. Kanuni tuliyofundishwa ilitokana na uchunguzi uliofanywa Nebraska, Marekani, katika miaka ya 1940: ng'ombe aliyeonekana na joto asubuhi apandishwe jioni, aliyeonekana jioni apandishwe asubuhi ya pili. Kwa hiyo ng'ombe wa shosho alikuwa amefika kwa saa yake hasa. Yule aliyeanza kulia alfajiri ya leo nilimwangalia vizuri zaidi, nikauliza maziwa yalipunguaje, nikaupima ute, na pengine nikamwambia mwenyewe amrudishe kesho.

Halafu kadi. Kila ng'ombe alikuwa na kadi, na mimi nilikuwa na daftari langu. Niliandika tarehe, namba ya fahali, namba ya mrija. Kutokana na tarehe hiyo mkulima alijua siku ya kumwangalia tena, yaani baada ya siku 21. Asiporudi jotoni, alijua mwezi wa kumpima mimba, mwezi wa kuacha kumkamua ili apumzike, na wiki ya kungoja ndama. Mwanamke ambaye hakuwahi kusoma aliikariri kadi ile kwa rangi ya wino na mpangilio wa mistari. Wataalamu wa siku hizi wanauza programu za simu kwa kazi hiyohiyo, na ni programu nzuri. Kadi yetu ilikaa kwenye paa la jikoni, imeshikwa na moshi, na ilifanya kazi.

Mwaka 1979 serikali ilianzisha maziwa ya shule, yale watu waliyoyaita maziwa ya Nyayo, na kila boma likataka mtamba mwingine. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1970 huduma yetu ilipita uhimilishaji nusu milioni kwa mwaka. Ng'ombe wengi wa gredi mnaowaona leo katika Kiambu, Nyeri, Murang'a na Meru ni wajukuu na vitukuu wa miaka ile.

Hata hivyo kuna kazi moja ambayo rani haikuigusa, nayo ni kuangalia. Ng'ombe huingia jotoni kila baada ya siku 18 hadi 24, na muda anaokubali kupandwa ni saa kumi na tano hivi, pengine pungufu. Mara nyingi ni usiku au alfajiri. Ukiukosa huo muda, umepoteza wiki tatu za maziwa ya baadaye na bado unamlisha. Katika malisho ya wazi ng'ombe wenzake hukusaidia: wanampanda, naye anasimama, na hata mtoto anayepita njiani anaona. Lakini ardhi ilizidi kugawanyika. Mwaka 1980 ukaanzishwa mradi wa taifa wa maziwa kwa msaada wa Uholanzi, nao ukaeneza ufugaji wa ndani: banda lenye sakafu, hori, nepia iliyokatwa na kubebwa. Ulikuwa mradi wa maana, na ulipunguza kupe na kutembea. Ila ulimweka ng'ombe peke yake. Hakuna wa kumpanda. Ishara zikabaki ndogo: kulia, kutotulia, maziwa kupungua, ute usio na rangi unaovutika kama ute wa yai bichi ukining'inia chini ya mkia, na majani kubaki horini.

Nani aliziona ishara hizo? Mama, ambaye tayari alikuwa akikata nepia, akiteka maji, akikamua mara mbili na kupika. Hakuna hesabu ya serikali iliyowahi kuandika saa zake. Tulipohesabu gharama ya uhimilishaji tuliweka petroli, nitrojeni, mshahara wangu na mrija. Jicho lake tulilichukua bure. Naamini hilo ndilo kosa kubwa katika historia yote ya kazi hii, na si katika Kenya pekee: kila mara tunaposema kazi imepungua, inafaa kuuliza imehamia mgongoni mwa nani.

Kwingineko duniani wenye mifugo mingi waliona mapema kwamba jicho ni ghali, kwa sababu wao walililipa mshahara. Huko New Zealand, ambako ng'ombe wa shamba zima huzaa kwa pamoja msimu wa kuchipua nyasi na kupandishwa upya ndani ya wiki chache, katika miaka ya 1970 walianza kupaka rangi kwenye kiuno, juu ya shina la mkia. Ng'ombe akipandwa na wenzake, rangi inasuguliwa na kuondoka. Mkamuaji anapita nyuma ya safu, anawatenga wasio na rangi, basi. Sijui mbinu nyingine rahisi kiasi hicho, na nimeiona ikitumika vizuri hata huku kwetu kwa wenye ng'ombe kumi na zaidi wanaotembea pamoja. Kwenye banda la ng'ombe mmoja haina maana.

Mwaka 1977 mtafiti wa Marekani alionyesha kwa vipimo kwamba ng'ombe mwenye joto hutembea mara mbili, hata mara nne ya kawaida yake. Kutokana na jambo hilo vikaja vihesabu-hatua vya mguuni, ambavyo Waisraeli waliviendeleza katika miaka ya 1980, na baadaye mikanda ya shingoni inayotuma habari kwenye kompyuta. Navyo vinamhitaji ng'ombe mwenye nafasi ya kutembea.

Njia nyingine ilikuwa kumlazimisha ng'ombe awe na joto siku unayotaka wewe. Wanasayansi walijua kwamba kinachomzuia ng'ombe asirudi jotoni ni tezi ndogo ya njano kwenye ovari, na kwamba homoni iitwayo prostaglandini huiyeyusha. Katika miaka ya 1970 homoni hiyo ikaanza kuuzwa kama sindano. Mchome ng'ombe mwenye tezi hiyo, na kati ya siku ya pili na ya tano atakuwa na joto. Mwaka 1995 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin wakatoa mpango wa sindano tatu ndani ya siku kumi hivi, ambao mwishoni unamhimilisha ng'ombe kwa saa iliyopangwa bila mtu yeyote kumwangalia kama ana joto au hana. Wanauita Ovsynch. Kwa shamba la ng'ombe 500 lenye vibarua wachache, ni ukombozi. Mtu anafuata kalenda ukutani: Jumatatu sindano, Jumatatu sindano, Jumatano sindano, Alhamisi mrija.

Nimezitumia sindano hizo, nikiwa na daktari wa mifugo, na nimeziona zikimrudisha ng'ombe aliyekaa miezi bila kuonyesha chochote. Lakini zina masharti. Ukimchoma prostaglandini ng'ombe ambaye tayari ana mimba, utaitoa. Kwa hiyo lazima mtu mwenye ujuzi ampime kwanza. Na ng'ombe aliyekonda, anayekula mabua makavu ya mahindi na maji machache, hata umchome sindano zote za Wisconsin, ovari zake zimelala. Kwa huyo, gunia la pumba na madini ni dawa bora kuliko homoni. Nimewaona wakulima wakikopa fedha za sindano ilhali hori ni tupu, na iliniuma.

Turudi Murang'a. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 Waswidi walikuwa wakijiondoa na magari yalikuwa yamechoka. Siku moja halipo petroli, siku nyingine tairi, siku nyingine nitrojeni haijafika. Sijui kama wakubwa walielewa kilichokuwa kikivunjika. Rani ikikosekana mara moja tu, ng'ombe watano wamefungwa krashini tangu saa moja na kurudishwa saa saba bila kuhudumiwa. Kesho yake wenye ng'ombe hao hawana hakika tena, na wiki inayofuata wanaanza kumwulizia fahali wa jirani. Imani ya ratiba ilijengwa kwa miaka na ikaondoka kwa msimu. Ilipofika mwaka 1991 serikali, ikifuata masharti ya kurekebisha uchumi, iliiachia kazi hiyo sekta binafsi, na mwaka uliofuata bei ya maziwa nayo ikaachwa huru.

Nami nikawa sekta binafsi. Nilinunua pikipiki na chombo kidogo cha nitrojeni, nikaendelea kwenye mabonde yaleyale. Sasa mkulima ndiye aliyenitafuta. Nilienda hadi bomani kwake, jambo ambalo wengi waliliona kuwa ni raha, na kweli ng'ombe hakutembea. Lakini gharama ya mimi kupanda mlima kwa ajili ya ng'ombe mmoja, kushuka, na kupanda mwingine, ilimwangukia yeye. Ilipanda kutoka shilingi 1 hadi mamia, na leo katika sehemu nyingi ni shilingi elfu moja na zaidi, hata kwa mbegu za Kabete. Asiposhika mimba, analipa upya. Mhimilishaji binafsi hulipwa kwa kuhimilisha, halipwi kwa ndama, na si kila aliyenunua chombo cha nitrojeni alikuwa amefunzwa kukitunza. Nimefungua vyombo vya watu ambamo nitrojeni ilikwisha siku nyingi, mbegu zimekufa, na bado zilikuwa zikiuzwa.

Fahali akarudi. Si yule wa walowezi mwenye jina kitabuni, bali dume la gredi lisilojulikana baba, linalokodishwa boma kwa boma. Limepanda mama, likapanda na binti aliyemzaa. Na yale maradhi yaliyouleta uhimilishaji mwaka 1935 yanasafiri hivyohivyo. Simlaumu anayelikodi, maana anafanya hesabu ya fedha aliyonayo mkononi siku ng'ombe anapolia.

Mahali ambapo mambo hayakuharibika sana ni pale palipokuwa na ushirika wenye nguvu. Chama cha Githunguri, kilichoanzishwa mwaka 1961, na vingine vya aina hiyo, huwapa wanachama uhimilishaji kwa mkopo na kukata malipo kwenye maziwa ya mwezi. Lori la maziwa lina njia yake na saa yake. Mhimilishaji wa chama anajua boma zote, na chama kina kumbukumbu. Ukiangalia vizuri, hiyo ni Samsø ya 1936, na ni rani yetu, kwa jina lingine.

Tangu mwaka 2013 huduma za mifugo ziko mikononi mwa serikali za kaunti, na kaunti kadhaa zimetenga fedha za kupunguza bei ya mbegu. Nashukuru kwa hilo. Ninachokiona, hata hivyo, ni uzinduzi: mirija ya bure, pikipiki mpya zimepangwa uwanjani, mheshimiwa anapigwa picha akiwa amevaa glavu ndefu. Baada ya miezi sita pikipiki hazina petroli, na mkulima hajui mhimilishaji atapita lini. Mirija inayozalisha mitamba kwa asilimia tisini hivi imefika, na ni ya ajabu, lakini mrija wa bei ghali kama huo ukitumiwa nje ya saa yake ni fedha iliyomwagwa.

Ombi langu kwa kaunti ni hili. Kabla ya kununua mikanda ya shingoni na vifaa vya mamilioni, wekeni njia zenye saa. Krashi kila penye kupokelewa maziwa, mhimilishaji anayelipwa mshahara na kukaguliwa kwa ndama waliozaliwa, nitrojeni inayopimwa kila wiki kwa kijiti, na kadi kwa kila ng'ombe. Vijana wana simu. Simu zitumike kumwarifu mhimilishaji usiku kwamba krashi fulani ina ng'ombe kesho, asipite bure. Na katika hesabu ya gharama, andikeni saa za mama anayeangalia joto, ili ijulikane kazi inayopunguzwa ni ya nani.

Na wewe msomaji mwenye ng'ombe, bajeti ya kaunti yako hupitishwa kila mwaka kabla ya mwisho wa Juni, na sheria inataka wananchi wasikilizwe kwanza. Vikao hivyo huwa na viti vitupu vingi. Nenda na majirani zako, na muulize swali moja tu: mhimilishaji atapita kwetu saa ngapi?